Salamu ya Kuchechemea

Kama umewahi kupanda njia ya miguu inayotoka soko la Kadutu kwenda juu, pale ambapo ngazi za mawe zimelika na mvua mpaka hujui unakanyaga ngazi au mfereji, basi Marcellin umemsikia kabla hujamwona. Mtu yule hana kitu cha kimya. Nyundo yake inagonga bati tangu asubuhi, na nyundo ikipumzika mdomo unaendelea na kazi. Anatengeneza mbabula, yale majiko ya makaa ambayo kila nyumba ya Bukavu inayo mlangoni. Sitamnyima haki yake: mbabula zake ni imara, hazitoboki upesi, na wanawake huvuka mabonde mawili kuzifuata.

Alizaliwa Walungu kwa wakulima wa mihogo na maharagwe. Akiwa kijana akaja mjini kumfuata baba yake mdogo, fundi wa bati, ambaye alimfundisha kukata, kukunja na kugonga. Mzee yule alikuwa mtu wa maneno machache. Kwa hiyo ufundi Marcellin aliurithi kwake, lakini domo lile sijui alilitoa wapi. Kila anayepita mbele ya kibanda chake ana jina la utani. Mama mnene wa nyanya ni Madame le Ministre, Mama Waziri. Katekista mwembamba ni Mushumaa. Watu hucheka, wanamjibu, wanaendelea na safari zao. Wasiopenda walikwisha kutafuta njia nyingine ya kushukia sokoni, na Marcellin hakugundua kamwe kwamba wamepungua.

Mke wake, Lucie, huuza sambaza sokoni, vile visamaki vya ziwani, na lazima awahi mzigo ukifika. Ndiyo maana binti yao wa pekee, Carmel, alikulia kibandani. Hapo lazima niseme jambo zuri juu ya Marcellin, kwa sababu baadaye nitasema mengine. Alimpenda mtoto yule kupita kiasi. Alimtengea kona na kuizungushia magunia, kisha akasugua kila ncha ya bati iliyokuwa karibu ili isimkate. Alimfundisha kusalimia wakubwa kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishika kiwiko. Alimfundisha kusema aksanti, na kutokula akiwageuzia watu mgongo. Kila mbabula mpya aliijaribu kwa kuchoma hindi, na hindi lile Carmel alifundishwa kulivunja na kumpa yeyote aliyekuwa karibu kabla ya kuonja yeye mwenyewe.

“Mutoto yako iko na moyo,” wateja walimwambia.

“Namufundishaka kila siku,” Marcellin alijibu, akivimba kichwa. “Mutoto ni kumuambia.”

Aliamini hivyo kwa dhati. Mtoto ni kumwambia, naye atashika. Kwamba mtoto ana macho pia, na macho hayangoji kuambiwa, hilo halikuwahi kumpitia akilini.

Sasa nikufikishe kwa Mugisho. Huyu alioa mdogo wake Marcellin, kwa hiyo ni shemeki wake, na kwa watu wetu shemeki aliyechukua dada yako ni mtu wa kutaniwa mpaka siku ya kuzikwa. Hawezi kukasirika. Akikasirika atakuwa ameonyesha kwamba hakujua alioa katika nyumba gani. Mugisho alipata ugonjwa utotoni, na mguu wake wa kushoto ukabaki mfupi na mwembamba. Anauza unités, yaani salio la simu, chini ya mwavuli, mwisho wa ngazi, na kila asubuhi lazima apite mbele ya kibanda.

Alipotokea kwenye kona ya juu, akitupa mguu wa kulia kisha kuuvuta wa kushoto, Marcellin aliweka nyundo chini. Alitoka kibandani na kupanda kumlaki, naye akichechemea vilevile, anatupa wa kulia, anavuta wa kushoto, tumbo linacheza juu ya mkanda, mikono ameifungua. Walipokutana alipaza sauti mpaka sokoni wasikie:

“Shemeki! Leo dunia imeinama ku côté gani?”

“Ku côté ya tumbo yako!” Mugisho alijibu, yaani upande wa tumbo.

Madame le Ministre alipiga makofi. Wawili wale wakakumbatiana, Marcellin akavunja hindi la moto na kumpa shemeki wake nusu kubwa, na Mugisho akaendelea kushuka akitafuna. Ilikuwa hivyo kila siku ya kazi, mwaka baada ya mwaka. Ungemuuliza Marcellin ni nani anayempenda zaidi nje ya nyumba yake, angekuambia ni Mugisho, na asingekuwa anadanganya.

Carmel alijifunza kuchechemea kabla hajajua kutunga sentensi. Siku moja tu alitoka kwenye magunia yake, akamfuata baba yake nyuma, mguu mmoja anatupa, mwingine anavuta, na nepi inashuka. Njia nzima ililipuka kwa kicheko. Marcellin alicheka mpaka akapangusa machozi. Tangu hapo waliochechemea kumlaki Mugisho walikuwa wawili, na nusu ya hindi alikuwa akiipeleka Carmel kwa mikono yake miwili.

Mwaka huu Carmel alianza maternelle, shule ya watoto wadogo, akavalishwa tablier ya bluu, ile aproni ya shule, na viatu vipya. Marcellin alijigamba kwa kila mteja kwamba binti yake atawafundisha wenzake adabu.

Aliwafundisha kweli.

Mwalimu wake, maîtresse Valérie, alikuja kibandani adhuhuri moja, baada ya watoto kurudi makwao. Alisimama pembeni ya vipande vya bati, mkoba kifuani.

“Papa Carmel, naomba tuseme kidogo.”

“Maîtresse! Unataka mbabula ya kupikia masomo?”

Mwalimu hakucheka. Alimweleza polepole kwamba darasani kuna msichana anaitwa Nsimire, aliyekimbia vita kutoka Minova pamoja na mama yake. Njiani pikipiki iliyowabeba ilianguka, mfupa wa mguu wa mtoto ukavunjika, na ukaunga vibaya. Sasa anachechemea. Mwanzoni alikuwa anakaa mlangoni tu, hataki mtu. Kisha akaanza kusogea kidogo kidogo, na hata kuimba. Wiki iliyopita, alipokuwa anashuka ngazi za shule, Carmel alimkimbilia akichechemea, mikono imefunguka, na kumuuliza kwa sauti kubwa leo dunia imeinama ku côté gani.

Kicheko kilimtoka Marcellin kabla hajakizuia. Sijui nimteteeje hapo. Kilimtoka kwa mazoea tu, kama chafya. Maîtresse Valérie alingoja mpaka kikaisha chenyewe.

“Batoto ba darasa muzima bakamufwata Carmel,” akasema. “Bote banatembea vile. Nsimire akakaa chini, akaficha muguu mu jupe. Tangu ile siku hakuye tena. Mama yake anasema haiko lazima asome.”

“Na Carmel… ulimukataza?”

“Nilimukataza. Akaniambia papa yake ndiye anafanyaka vile.”

Mwalimu alipoondoka, Marcellin alishika nyundo akakuta hana hamu nayo. Alikuwa ameona aibu, na kwa kuwa hakuizoea, aibu ile iligeuka hasira upesi, na hasira ikatafuta mtu mdogo wa kumwangukia. Alifunga kibanda mchana kweupe. Njiani kwenda nyumbani alikata kijiti kwenye ua la jirani.

Lucie alikuwa amerudi, anasonga bugali uani. Aliona kijiti, akaona uso.

“Unamupiga juu ya nini?”

“Anacheka mutoto ya batu! Mutoto ya kilema, maskini, mutoto ya vita!” Akamweleza yote kwa pumzi moja.

Lucie aliendelea kusonga. Ni mwanamke asiyepoteza maneno, labda kwa sababu nyumbani kwake hayabaki mengi ya kugawana.

“Sawa. Ukimaliza kumupiga ye,” akasema, “ile fimbo utapatia nani akupige weye?”

Carmel alikuwa amesimama mlangoni, anakitazama kijiti kwa hamu, maana hakuwahi kupigwa, na alifikiri baba yake anataka kumtengenezea kitu cha kuchezea.

“Carmel,” Marcellin akasema, na sauti haikuwa na ukali aliokuwa ameuandaa. “Juu ya nini ulimucheka ule mutoto?”

“Sikumucheka.”

“Maîtresse anasema ulitembea sawa ye.”

“Ndiyo. Nilikuwa namusalimia.” Alimtazama baba yake akishangaa swali gani hili. “Miye namupenda. Iko sawa tonton Mugisho.” Kisha akainamisha kichwa, kwa sababu alikumbuka mahali alipokosea. “Lakini sikukuwa na muhindi. Ni juu ya ile alilia. Nitamupelekea muhindi.”

Kijiti kilianguka. Marcellin alikaa kwenye kigoda cha mkewe na kubaki amekaa mpaka bugali ikaiva. Angemkuta mtoto wake mkorofi, angalau angejua la kufanya. Alichokikuta kilimuuma zaidi. Carmel alikuwa amechukua kitu kizuri kabisa alichokiona kwa baba yake, upendo wenyewe, akaupeleka kwa mwenzake kama alivyoupokea, na mwenzake akaumia hata akaacha shule. Kuna mtoto wa watu amekaa nyumbani anaficha mguu. Na huyu wake atatembea duniani kote akiwajeruhi watu kwa mikono iliyofunguka, bila kujua, kwa sababu ndivyo alivyoonyeshwa. Marcellin alitaka jambo moja tu sasa: Nsimire arudi darasani.

Kutaka ni rahisi. Lakini ukimpa fundi bati tatizo lolote, kwanza atafikiria bati. Jumapili, baada ya misa, alichagua mbabula bora kuliko zote, akajitwisha kichwani, akamshika Carmel mkono, wakaanza kupanda. Mama Nsimire alikuwa amepanga chumba kimoja juu kabisa, ambapo nyumba zimeshikilia mlima kwa kucha. Walimkuta mlangoni anachambua maharagwe kwenye sinia. Alikuwa mwanamke kijana, kitambaa kimefungwa chini mpaka kwenye nyusi. Aliwapokea vizuri. Alitoa kiti alichokuwa amekalia, kwa kuwa kilikuwa kimoja.

“Madame la Voisine!” Marcellin alianza, akimwita jirani, kwa ile sauti yake ya sokoni. “Nimekuletea moto ya kuota baridi ya huku juu, mbinguni kwenu!”

Maneno yalitoka, yakaanguka, hakuna aliyeyaokota. Akatua mbabula chini. Akasema tena, safari hii kwa sauti ndogo, kwamba yeye ni papa Carmel, kwamba mbabula ni yake mama, aipokee, mambo yaishe hapo.

Mama Nsimire aliitazama.

“Iko muzuri,” akasema. “Lakini mbabula niko nayo, papa. Mutoto yangu hakosi moto. Anaogopa batoto benzake.” Alirudi kwenye maharagwe. “Siku tulianguka, nilizani amekufa. Alipoanza tena kutembea, nilipiga magoti nikashukuru Mungu juu ya kila hatua. Mbaya, nzuri, nilishukuru. Sasa yeye ananiambia: mama, nisitembee tena mbele ya batu.”

Marcellin alichungulia ndani. “Iko wapi?”

Nsimire alikuwa chini ya meza. Tangu aliposikia sauti ya Carmel alikuwa amejikunja huko, magoti kifuani, jupe, ile sketi yake, imevutwa mpaka vidoleni.

Hapa nataka uelewe jambo alilolifanya Marcellin, maana kwa mtu wa nje litaonekana dogo. Kwao Walungu mtoto ndiye anayejishusha mbele ya mkubwa. Mwanamke mdogo hupiga goti akimpa mzee kinywaji. Lakini mwanamume mwenye ndevu, mwenye nyumba yake na ufundi wake, hapigi goti mbele ya mtu ambaye bado ana meno ya maziwa. Babu yake angekufa mara ya pili. Hata hivyo mtoto alikuwa chini ya meza, na ukisimama humwoni. Marcellin aliingia, akashika ukingo wa meza, akaguna, tumbo likamkataa, akaguna tena, mpaka magoti yote mawili yakagusa udongo.

“Nsimire,” akasema. “Jina yangu Marcellin. Miye ndiye nilimufundisha mutoto yangu kutembea vile. Ye hana kosa. Kosa ni yangu. Pardon.”

Maharagwe yaliacha kulia kwenye sinia. Carmel alikuwa nyuma yake, ametulia tuli, anatazama. Sidhani alikuwa amewahi kumwona baba yake akiwa mfupi kuliko yeye.

Nsimire hakusema amesamehe wala hakusamehe. Alimchunguza mtu mzima yule aliyekuwa anahema.

“Papa, weye uko na shida ya muguu?”

“Hapana.”

“Sasa juu ya nini unatembeaka vile?”

“Nilikuwa… nachekesha batu.”

“Banachekaka nini?”

Marcellin ana jibu la haraka kwa kila mtu anayepita Kadutu. Hili alilitafuta kwa uaminifu. Aliona ngazi, Madame le Ministre anapiga makofi, Mugisho anashuka, na alipofika kwenye kile walichokuwa wanakicheka, ilikuwa ni mguu. Hapakuwa na kitu kingine.

“Banachekaka bure,” akasema mwishoni, na macho yakamlowa, naye hakuyaficha.

Carmel alipita pembeni ya baba yake, akaingia chini ya meza. Alitoa mfukoni kipande cha hindi alichokibeba tangu asubuhi, kimepoa, kina nyuzi za mfuko.

“Shika,” akasema. “Ile siku sikukuwa nayo.”

Nsimire alikipokea akakiweka mapajani. Hakukila. Mama yake aliweka sinia chini.

“Kesho ataenda,” akasema hatimaye. “Bakimucheka tena, hata mara moja tu, namubakisha hapa. Sitamutuma mara ya tatu.”

“Nitakuya kumubeba miye mwenyewe,” Marcellin akasema, akasahihisha haraka, “nitakuya kumusindikiza.”

Mbabula ilibidi airudishe. Alishuka nayo kichwani mbele ya mtaa mzima uliokuwa unatoka misa ya pili, na walipomuuliza kama siku hizi anafundisha majiko kutembea, alipita bila neno. Watu walidhani anaumwa.

Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni kwa mama Nsimire, uso umeoshwa, shati la Jumapili limerudiwa. Watatu wakashuka, yeye, Carmel na Nsimire. Aliona jinsi mtoto anavyotafuta pa kukanyaga kabla ya kila ngazi, na akajilazimisha kutomshika mpaka aombwe. Carmel alizoea kushuka akiruka kama mbuzi. Leo alishuka ngazi moja, akasimama, akangoja, akashuka nyingine. Hakuna aliyemwambia. Marcellin alikuwa anangoja, naye akangoja.

Walipopita kibanda, Madame le Ministre alikwisha kupanga nyanya zake na kugeuza kiti aone vizuri. Tangu siku mwalimu alipokuja, Marcellin alikuwa anajificha kibandani kila Mugisho alipopita, akijifanya anatafuta misumari, na watu walikuwa na njaa ya kicheko chao. Chini, kwenye mwavuli, Mugisho mwenyewe aliwaona wanakuja. Aliinuka.

“Shemeki!” akaita. “Siku hizi hauulizake tena? Dunia imeinama ku côté gani?”

Watu wakageuka. Nsimire akasimama pale pale alipokuwa, mkono umeshika jupe. Alikuwa amekwisha kuona mguu wa Mugisho, na sasa alikuwa anamtazama Marcellin, tayari kurudi juu.

Marcellin alimwendea shemeki wake akitembea kawaida. Hebu fikiria, mtu kutembea kwa miguu yake mwenyewe, na soko zima likakodoa macho.

“Jambo, shemeki. Umeamuka je?”

Mugisho alishtuka. “Iko kilio? Nani amekufa?”

“Hapana.”

“Nimekukosea? Dada yako amesema kitu?”

“Hapana, shemeki. Sikiliza.” Akamweleza, kwa sauti ya chini, juu ya shule, juu ya mtoto yule pale, juu ya hindi. Mugisho alimtazama Nsimire, akautazama mguu wake, na ule utani uliokuwa umebaki midomoni ukaondoka. Marcellin akavuta pumzi. Alikuwa na swali tangu Jumapili, na aliogopa jibu lake kuliko alivyowahi kuogopa kitu.

“Weye,” akasema. “Hii myaka yote. Ulikuwa unasikia mubaya?”

Mugisho alipanga simu zake ambazo zilikuwa zimepangwa.

“Mwaka ya kwanza, ndiyo,” akasema. “Nilikuwa naamuka mapema, nipite wakati haujafungua. Kisha ukaanza kufungua mapema.”

“Juu ya nini hukuniambia?”

“Ningesema nini? Ulinipa dada yako.” Aliinua mabega. “Kisha nilizoea. Na muhindi yako iko muzuri.”

Alisema hivyo bila kinyongo, hata akatabasamu kidogo ili kumsaidia. Hilo ndilo lililommaliza Marcellin. Alikuwa amemwamsha mtu mapema mwaka mzima ili amkimbie, na alikuwa amekiita hicho upendo, na kilikuwa upendo kweli, na kilikuwa kinauma.

Ndipo Carmel alipouachia mkono wa Nsimire. Alikuja mbele ya mwavuli, akaguna kama mtu mwenye tumbo kubwa, akaguna tena, akapiga magoti yote mawili kwenye mawe na tablier yake ya bluu.

“Tonton Mugisho,” akasema. “Jina yangu Carmel. Miye ndiye nilimufundisha papa yangu kutembea vile. Ye hana kosa. Kosa ni yangu. Pardon.”

Hakuna aliyecheka, hata Madame le Ministre. Mugisho alijifunika uso kwa viganja. Marcellin alimtazama binti yake pale chini, mgongo umenyooka, anangoja kwa adabu, ameyashika maneno yote na hakuacha hata moja, na akaona uchungu na shukrani vikija kwa pamoja mpaka hakujua analilia kipi. Akashuka chini karibu naye, kwenye mawe, katikati ya njia. Wabeba mizigo wakapita pembeni yao.

“Kosa si yake, shemeki,” akasema.

“Najua,” Mugisho akajibu ndani ya viganja. “Najua, Marcellin. Simama, batu banapita.”

Nsimire aliwaangalia wote watatu, wawili wamepiga magoti na mmoja analia chini ya mwavuli. Kisha akachechemea mbele, mbele ya soko zima, jupe ameiachia, mpaka akafika alipokuwa Carmel, akamgusa bega.

“Carmel, simama,” akasema. “Maîtresse atafunga mulango.”

Carmel akasimama, akapangusa magoti, wakashuka wawili kwenda shule, kila mmoja kwa mwendo wake.